Shahidi wa Pili

Miyuji, Dodoma
8 Mei 2022

Sila, mtoto wa kaka yangu,

Mbukwa. Natumaini wewe na mkeo Gladness hamjambo na uwele umeshaingia ghalani. Mimi sijambo, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao siku hizi unavimba bila kuniomba ruhusa. Habari ya hapa Miyuji ni ukuta. Jirani yangu mpya, mtumishi wa wizara fulani, amejenga ukuta mrefu kama wa gereza, akapanga na vipande vya chupa juu yake, na ndani hana hata kuku. Mizabibu yangu minne imekosa jua la asubuhi kwa sababu ya mali asiyokuwa nayo.

Tangu mmzike mwanenu Jordan mwezi Machi sijakuandikia. Sukari na blanketi nilivyotuma natumaini vilifika. Msiba wa mtoto wa miaka mitatu hauna maneno ya kuliwaza, kwa hiyo sitayatafuta.

Barua hii anakuletea Hasani, yule Mrangi wa Chang'ombe mwenye Fuso anayenunua karanga huko kwenu, naye ndiye atakayeniletea jibu. Usinipigie simu, sitapokea. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri, na wewe mazoea hayo unayo ya kutosha.

Sasa jambo lenyewe. Hasani ananiambia kwamba Jumapili mbili mfululizo umesimama madhabahuni kufundisha ile sheria ya kitabu cha Kutoka isemayo mwanamke mchawi asiachwe hai. Hasani ni Mwislamu, hakuwepo kanisani kwako. Ameyasikia mnadani, akiwa anapimiwa karanga, na hapo ndipo ujue maneno yako yamekwisha kufika wapi. Ananiambia pia kwamba ulipokuwa ukifundisha, watu wote waligeuza shingo kumtazama mtu mmoja aliyekaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Alikuwa Tabu. Nikueleze Tabu ni nani, maana inaonekana umesahau. Ni mke wa pili wa marehemu baba yako, Mrangi aliyeacha kwao Kondoa na kubatizwa ili aolewe na kaka yangu Methusela. Mama yako mzazi alipofariki ulikuwa na miaka minne na upele kichwa kizima. Aliyekukanda upele ule kwa maji ya mwarobaini ni Tabu. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee; kaka yangu alimpa wewe, naye amekulea mpaka umepata sauti ya kumhukumu.

Nataka unijibu kwa maandishi: ulikuwa unamfundisha nani, na kwa ajili ya nini?

Shangazi yako,
Yudith


Gulwe
29 Mei 2022

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe sana. Barua yako imefika na tumeipokea kwa furaha. Sisi huku ni wazima kwa neema yake. Gladness anakusalimu. Uwele tumepata magunia manne, mwaka jana yalikuwa saba. Treni mpya bado tunaona nguzo zake tu. Pole na mguu, tunakuombea.

Shangazi, mimi ni mwinjilisti. Sichagui maneno ya kufundisha kama mtu anavyochagua vitenge. Neno likija nalisema. Sikumtaja mtu jina. Kama watu waligeuka, waligeuka wenyewe, na shingo za watu si zangu.

Umesema umetuma sukari na blanketi. Vilifika, asante. Ila wewe mwenyewe hukuja. Watu walitoka mpaka Kilosa wakaja, na kutoka Miyuji hadi hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Sikulaumu, nakumbusha tu.

Kwa kuwa hukuja, hukusikia kilichosemwa msibani. Jordan aliumwa siku tatu. Siku ya nne alfajiri mama mdogo Tabu aliingia ndani bila hodi, akambeba mtoto, akatoka naye. Hakufika mbali. Mtoto alifia mgongoni mwake. Watu walimkuta amekaa njiani, amemfunga na khanga, anamwimbia kwa Kirangi maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Wewe ni msomi. Niambie watu wafikiri nini.

Ni mimi mwanao katika Bwana,
Sila


Miyuji
12 Juni 2022

Sila,

Nashukuru kwa salamu na kwa habari za magunia. Hapa baridi ya Juni imeingia, na jirani yangu sasa amenunua mbwa wa kulinda ukuta. Mbwa anaogopa giza, analia mpaka asubuhi. Mguu uko vilevile.

Unaniuliza watu wafikiri nini wakimkuta bibi wa miaka sitini na tano amekaa njiani anaimbia maiti ya mjukuu wake. Wafikiri kwamba amefiwa. Kama hilo ni gumu kwao, wasifikiri kabisa, warudi wakapalilie.

Nilikufundisha Biblia shule ya Jumapili miaka sita, kwa hiyo aibu hii ina sehemu yangu. Tulirudie somo. Fungua sura ile ile uliyoifungua madhabahuni, safari hii usome yote, polepole, kidole chini ya mstari kama zamani. Kabla ya kufika kwa mchawi, Musa anazungumzia mtu aliyeachia mifugo yake ikala shamba la mwenzake. Anasema alipe, tena kwa kilicho bora shambani mwake mwenyewe. Ng'ombe wa Joshua, mzee wako wa kanisa, walimaliza mtama wa Tabu mwaka juzi. Joshua alilipa nini? Alimpa pole, na pole yenyewe aliituma kwa mtu. Hilo hukulifundisha hata Jumapili moja.

Ukishampita mchawi, mistari mitatu mbele, kuna mgeni: asionewe. Unaofuata ni wa mjane: asiteswe, na anayemtesa Mungu anaahidi kumwua yeye kwa upanga, mke wake abaki mjane na watoto wake mayatima. Mgeni na mjane, Sila. Wote wawili walikuwa wamekaa benchi moja la nyuma, katika mwili wa mwanamke mmoja, na wewe ukawaruka ili uwahi kwenye mawe.

Au tuhamie Kumbukumbu la Torati, kwa mwana mkaidi asiyemsikia baba wala mama. Huyo naye wazee wa mji wampige mawe mpaka afe. Mwaka ule ulipouza mbegu za karanga za Tabu, ukatorokea Kibaigwa na kurudi baada ya miezi mitano ukiwa na kiatu kimoja, mbona hatukumtafuta Musa? Tabu alikuchinjia kuku. Na kule Walawi imekatazwa kunyoa pembe za ndevu, lakini kidevu chako kinang'aa kama sahani ya harusi. Wewe si mtu wa sheria, mwanangu. Wewe ni mtu wa mstari mmoja.

Sheria ile walipewa watu waliotoka utumwani juzi, wako jangwani, hawana zahanati wala hakimu wa kuaminika, wanaogopa nyoka na njaa na majirani. Inatuonyesha walivyoogopa. Haituonyeshi nani aliua mtoto Gulwe.

Na kwa kuwa umeniita msomi, nikuambie nilichosoma kwa macho yangu. Tangu nizaliwe nimeona wachawi tisa wakifukuzwa katika vijiji vya Ugogo. Wote tisa walikuwa wajane na wote walikuwa na kitu. Tabu ana ekari tatu kando ya mto Kinyasungwe ambazo hazikauki hata Septemba. Mchawi asiye na shamba kando ya maji bado sijamsikia. Ukilitaka shamba la baba yako, liombe kwa kinywa chako, usimtume Mungu kukuombea.

Yudith


Gulwe
17 Julai 2022

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu tumeamka. Samahani kwa kuchelewa, Hasani alipita mara moja nami nikawa sijamaliza kuandika. Gladness anakusalimu. Siku hizi haongei sana. Anakwenda kisimani, anarudi, anapika, analala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Inachekesha. Nilimsomea Gladness, naye hakucheka.

Shamba silitaki. Lichukue wewe ukitaka.

Shangazi, unaandika kama mtu aliye mbali, na kweli uko mbali. Acha nikueleze hali. Baada ya msiba kuna watoto wengine wawili wameumwa, mmoja amefariki, wa upande wa stesheni. Watu wakataka kuita rambaramba, wale waganga wanaopita nyumba kwa nyumba wakichimbua pembe uani kwa mtu na kumtoa hadharani. Kila kaya ilishaombwa debe la uwele kwa ajili yao. Unajua wakija wanafanya nini. Mwaka ule walipokuja jirani na hapa, bibi mmoja alikufa kabla hawajamaliza kuchimba.

Mimi ndiye niliyesimama nikasema hapana. Nikasema kanisa haliwezi kula sahani moja na waganga. Wakaniuliza, basi wewe utafanya nini? Nikawaambia Neno la Mungu litaamua, tutakutana wote chini ya paa la kanisa, tusome sheria tuone inataka nini. Wamekubali. Ni Jumamosi tarehe 20 Agosti.

Sasa naomba jambo moja. Njoo. Nusu ya wazee hawa umewafundisha kusoma, Joshua mwenyewe anakuogopa mpaka leo. Basi la Mpwapwa linatoka hapo Dodoma kila asubuhi, nitakufuata na pikipiki. Nikisema mimi peke yangu watasema ninamtetea mama yangu. Na mimi mwenyewe, shangazi, kuna saa simtetei. Kuna saa nikimwona anapita na ndoo yake sijui ninamwona nani.

Ukisimama wewe yatakwisha. Njoo tafadhali.

Mwanao,
Sila


Miyuji
31 Julai 2022

Sila,

Nimepata barua yako. Mizabibu imeanza kuchanua majani, na mbwa wa jirani amekimbia. Ukuta umebaki unajilinda wenyewe.

Siji. Kwanza ni mguu. Pili, na hili ndilo kubwa, nikija nitakuwa nimekubali kwamba mkutano huo ni mkutano. Mimi Yudith, niliyefundisha miaka thelathini na nne, nikae kwenye benchi lako la mbao mbichi nimsikilize Joshua, aliyerudia darasa la tatu mara mbili, akifasiri Torati? Hapana. Nitatuma karatasi, nayo inawatosha.

Umeniuliza sheria inataka nini. Nami ninakushukuru kwa kuuliza, maana ni mara ya kwanza. Torati hiyo unayoitisha haimwui mtu kwa kunong'onezana. Inataka mashahidi, wawili au watatu. Kwa neno la shahidi mmoja hafi mtu. Wala si shahidi wa kusema nimeota, au nimeona bundi juu ya paa la nyumba yake. Awe ameona. Tena sheria inaongeza kitu ambacho watu wako hawajawahi kukisikia, kwa kuwa wewe hujawahi kukisoma: shahidi ndiye anayetangulia. Mkono wa shahidi ndio unaorusha jiwe la kwanza, na watu wengine hufuata baada yake. Na akigundulika ni mwongo, analipwa yeye lile alilotaka mwenzake atendewe.

Hebu niambie, huyo shujaa ni nani? Joshua atasimama, sina shaka, maana Joshua husimama popote penye watu. Huyo ni mmoja. Wa pili mtamtoa wapi? Wagogo ninawajua, ni watu wangu. Penye kunong'ona wako mia, penye kuapa wote wanakumbuka kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Na hata akipatikana, mwambieni achukue jiwe. Wewe mwenyewe kuku wa Krismasi unamwita Gladness amchinje huku umegeuka ukutani.

Basi waambie hivi: shangazi yangu amesema mkipata mashahidi wawili walioona kwa macho, na mashahidi hao wakakubali kuanza kwa mikono yao, sheria imetimia na yeye hana neno tena. Wasomee barua hii mbele ya wote, neno kwa neno. Nakuhakikishia mkutano utavunjika kabla chai haijachemka. Maji ya moto hayachomi nyumba.

Yudith


Miyuji
19 Agosti 2022

Sila,

Habari za huko. Kesho ni Jumamosi yenu. Hasani alikwenda harusini kwao Kondoa, amerudi leo, kwa hiyo barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha na wazee wako wameshaenda kunywesha ng'ombe.

Nimekupigia simu jana mara tatu na leo mara mbili. Najua nilisema sitaki simu. Haipatikani. Kama umeizima, iwashe. Kama ni chaji, nenda kwa mwenye sola.

Nijibu.

Yudith


Gulwe
27 Agosti 2022

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Makarani wa sensa wamepita salama, tumehesabiwa. Gladness hajambo, amekwenda kwao Kibakwe kusalimia wazazi. Simu iliharibika.

Mkutano ulifanyika kama ulivyopangwa. Watu walikuwa wengi mpaka nje. Niliisoma barua yako neno kwa neno kama ulivyoagiza. Walikusikiliza. Baadhi ya mahali walicheka, pale pa Joshua hata yeye alicheka. Nilipomaliza, mzee mmoja alisema mwalimu Yudith amesema vizuri, sasa tumejua utaratibu.

Joshua alisimama. Alisema aliona kwa macho yake mama mdogo akimtoa mtoto ndani, mtoto yu hai, na baada ya hapo mtoto amekufa. Wakasema huyo ni mmoja.

Wakakaa wakisubiri wa pili. Ilichukua muda mrefu. Ulisema kweli, hakuna aliyetaka. Nilianza kuona kwamba umeshinda. Halafu mtu akasema, mbona aliyeona kila kitu ni baba wa mtoto? Wote wakanitazama. Mama mdogo naye alinitazama.

Niliulizwa kama aliingia bila hodi. Niliulizwa kama alimchukua bila ruhusa yangu. Niliulizwa kama mtoto alitoka mzima akarudi maiti. Shangazi, yote yalikuwa kweli. Nilisema ndiyo.

Mama mdogo ameondoka kijijini, hatujui alikokwenda. Mtu akikuletea maneno mengine usiyapokee. Ulisema mashahidi wakiwa wawili wewe huna neno.

Sila


Miyuji
4 Septemba 2022

Sila,

Jana Hasani ameniletea barua yako. Niliisoma kwa sauti, jikoni. Gladness, ambaye unaniambia amekwenda Kibakwe kusalimia, alikuwa anachambua mlenda hapo hapo mbele yangu. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Hajaandika habari ya jiwe," akaendelea kuchambua.

Walifika hapa tarehe 21 jioni, yeye na Tabu. Hospitali walimshona Tabu usiku ule, wakamlaza, na jana asubuhi ndiyo wametuachia. Jicho la kushoto limekwenda. Daktari alieleza mengi, lakini maana yake ni hiyo.

Gladness amenisimulia. Ananiambia Tabu hakutaka kuja kwenye mkutano, akaja kwa sababu ulimfuata nyumbani ukamwita mama. Ananiambia uliposema ndiyo ya tatu, watu walitoka nje na Joshua akapotea, amekumbuka kunywesha ng'ombe zake. Ukabaki shahidi mmoja wa kuanza. Ananiambia ulifumba macho, ukarusha. Hukulenga, ndiyo maana lilimpata. Na wa kwanza kukaa chini karibu na Tabu, mbele ya watu wote, alikuwa yeye mkeo, akasema kwa sauti kile ambacho wewe hukukiandika katika barua zote tatu.

Sasa ninakijua. Jordan aliumwa siku tatu kwa sababu siku tatu ulifunga na kuomba na ukakataa asipelekwe zahanati, ukisema kumpeleka ni kukosa imani. Gladness alikupigia magoti. Tabu alikuja kila siku mlangoni akibisha hodi, ukamfukuza. Siku ya nne hakupiga hodi. Zahanati ni mwendo wa dakika arobaini, naye alifika nusu ya njia. Ni huyo uliyemtolea ushahidi, mtu pekee kijijini aliyejaribu kumwokoa mwanao, na ulimtolea kwa sababu kila alipopita na ndoo yake alikuwa anakukumbusha nani hakujaribu.

Gladness alipomaliza kusema, hakuna aliyechukua jiwe la pili. Waliondoka mmoja mmoja.

Nakudharau, Sila, na sijui kama itakwisha. Lakini nilidhani namdharau mtu mwingine. Mimi nilikuandikia habari za shamba. Nilikuwa na hakika kabisa, na wachawi wangu tisa, na ndevu, na kiatu kimoja. Nilikuwa nafurahi nikiandika. Ulinieleza mtoto alivyokufa, sikukuuliza swali hata moja. Uliniomba nije. Sijawahi kupata ombi la wazi kama lile, na nikakaa hapa kwenye kivuli cha ukuta wa watu nikitunga sentensi. Tusiseme mguu. Kwa mguu huu huu nimekwenda wodini kila siku wiki mbili. Torati ile haikustahili kusomwa pale kabisa, iwe na mashahidi wawili au ishirini. Kuna kitu kimoja tu cha kusema katika mkutano kama ule, nacho ni hapana, tena husemwa na mtu aliyesimama mlangoni kwa miguu yake. Mimi nikawaonyesha namna ya kufanya vizuri.

Tabu anauliza nani anakupikia. Nimemwambia sijui wala sitaki kujua, akanikasirikia.

Hospitali walitupa fomu ya polisi, PF3, ijazwe. Tabu amewaambia wauguzi alianguka juu ya kinu, na anasema hatabadilisha hata akihojiwa na malaika. Fomu imekaa mezani kwangu siku kumi na nne. Nilijiambia ninaheshimu matakwa ya mgonjwa. Uongo. Nilijua nikifika kituoni askari atauliza nani aliwaambia wawili wanatosha, na nani aliwaambia shahidi aanze, nami itabidi niseme kwamba karatasi hiyo ipo Gulwe na mwandiko ni wangu.

Kesho asubuhi ninakwenda. Tabu hatakutaja, nitakutaja mimi, na baada ya jina lako nitaomba waandike langu. Usiichane ile barua. Uwe nyumbani watakapokuja.

Shangazi yako,
Yudith